Nafasi Moja Kando ya Noreen

"Mwambie yule mzee asogee," mwanamke mwenye kamera alimwambia mwenzake. "Ananiharibia picha ya msalaba."

Festus Hession alisikia, akasogea. Wageni wa Kilcorran, kijiji cha Ireland, alikuwa amewazoea: walishuka kwenye mabasi, wakapiga picha magofu ya monasteri na mnara wa watawa, wakapapasa nakshi za msalaba wa mawe, wakanywa chai, wakaondoka. Yeye alikuwa mkata nyasi wa makaburi yaliyokuwa ndani ya magofu hayo, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuwapisha watu.

Lakini Jumapili hiyo hakuja kukata nyasi. Alikuja na sepetu kung'oa donge moja tu la udongo, maana Kilcorran kaburi halianzwi Jumatatu. Anayelianza Jumatatu hujiitia msiba wa pili. Kaka yake, Malachy, alikuwa amefia Coventry, Uingereza, na jeneza lingefika kesho yake.

Dada yao Attracta alimkuta chini ya ukuta wa magofu, sepetu mkononi, ardhi haijaguswa.

"Festus! Hujaanza tu?"

"Nafikiri."

"Ungefikiri jana, kabla sijamwambia padri kwamba atazikwa hapa."

Hapo ndipo walipolala baba na mama, na juu yao Noreen, mke wa Festus. Kando ya Noreen ilibaki nafasi ya jeneza moja. Ndani ya magofu makaburi mapya yalikuwa yamepigwa marufuku; familia za zamani ziliruhusiwa kumalizia nafasi zao, basi. Wengine wote walizikwa nje ya kijiji, jirani na kituo cha mafuta.

"Hakuja kumzika mama," Festus alisema.

"Hakuja."

"Wala Noreen. Hata salamu."

"Najua, ndugu yangu. Si mimi niliyekuwa nampigia simu? Kila Krismasi alisema anakuja, kila Krismasi ulimi mzito kwa pombe." Attracta alikaza kitambaa chake kichwani. "Nilipokwenda hospitali hakunijua. Aliniuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa."

Festus alitazama chini.

"Kule wangemchoma tu," dada yake akaongeza. "Hana mtu."

"Na mimi je? Mtanitupa kwenye petroli?"

"Tutakuwa wote huko. Tutawasengenya wanaokuja kujaza mafuta."

Hakucheka, ila pumzi ilimtoka puani kama ya mtu aliyekaribia kucheka. Kisha akaweka mguu juu ya sepetu, akaikandamiza.

Jumatatu alichimba peke yake. Majirani walipotaka kumpokea sepetu, alikataa. Manyunyu yaliteleza shingoni mwake, udongo mweusi ukagandamana na buti. Alipokaribia kufikia kina cha kutosha, ukingo ukamomonyoka, na kishikio cha shaba kikachomoza ubavuni, kimeota kutu ya kijani. Kilikuwa cha jeneza la Noreen.

Akaweka sepetu chini. Akakishika kile kishikio, kama mtu aushikavyo mkono wa mgonjwa.

"Ni Malachy," akamwambia. "Mvumilie. Amechoka."

Akakifunika tena kwa viganja, polepole, akiupigapiga udongo mpaka ukashika.

Waliomzika Malachy walikuwa wachache; wengi hawakuwahi kumwona. Baadaye baani kulikuwa na chai na mkate wa nyama ya nguruwe, na kila aliyempa Festus mkono alisema, "Pole kwa msiba." Aliwashukuru mmoja mmoja. Attracta alipogeuka kumtafuta, kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa ametembea mpaka makaburi mapya ya nje ya kijiji, kando ya kituo cha mafuta. Malori yalipita yakirusha maji ya barabarani. Mawe ya makaburi yalipangwa kwa mistari iliyonyooka, yote yakitazama upande mmoja, na nyuma yake kulikuwa na uwanja wa majani ambao bado haujazikwa mtu. Katikati ya uwanja alisimama ng'ombe wa mtu, aliyepenya kwenye ua, akila.

Festus alifungua lango ili amfukuze. Akainua mkono, akakumbuka swali la Malachy kuhusu ng'ombe, akaushusha. Yule ng'ombe alimtazama kidogo, akasogea hatua moja, akainamisha tena kichwa kwenye majani mabichi.