Chai Aliyoitema Mzee Gervasi

"Shikamoo," alisema Mzee Gervasi mlangoni, kofia mkononi.

Tadei hakuitikia. Alisogeza kigoda chake karibu na moto, akamwachia mgeni benchi la upande wa baridi. Alikuwa amemzidi Gervasi miaka sita, na alijua vizuri kwamba kuiacha shikamoo ya mtu mzima ikining'inia hewani ni tusi.

Gervasi alikuwa ametoka Mufindi kuja Bashay kumwona binti yake, Rahel, nesi wa zahanati, aliyeolewa na Vicent, mtoto wa Tadei. Tadei alikuwa ametaka mkwe wa hapahapa. Miaka miwili sasa, Vicent akiwa hayupo, kama leo alivyokuwa Babati kikazi, Tadei alikuwa akimwita Rahel "yule wa kuletwa".

Gervasi akakaa. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuonja chai kiwandani, na zawadi aliyobeba ilikuwa pakiti ya chai ya oolong, iliyotengenezwa kwa namna ya Wachina na kikundi cha wakulima wa kwao. Alimkabidhi Yusta, mke wa Tadei, akamweleza taratibu: majani yananyaushwa, yanatikiswa kwenye ungo mpaka kingo zianze kuwa nyekundu, halafu yanapashwa moto haraka kabla hayajawa meusi.

"Haina maziwa?" Tadei aliuliza.

"Maziwa yataiua, mkwe wangu."

"Basi ni dawa. Humu hakuna mgonjwa."

Gervasi alimimina maji ya moto juu ya majani yaliyoviringishwa kama punje za choroko, akayamwaga nje maji hayo ya kwanza, ya kuyafungua majani tu.

"Baba yako anamwaga chai," Tadei alimwambia Rahel, aliyekuwa akipanga vikombe, kana kwamba Gervasi hakuwepo.

Yale maji ya pili ndiyo yaliyotoa harufu. Ilipanda kutoka kwenye kikombe, nyepesi, ya maua, na Gervasi akasahau yuko wapi. Alivuta funda kwa kelele, fyuuu, kama alivyozoea, akalizungusha mdomoni. Ilikuwa laini kama siagi, bila uchungu hata kidogo. Kisha akageuka akaitema nje ya mlango.

Rahel alifumba macho.

"Umetema," Tadei alisema, akiinuka. "Nyumbani kwangu. Umetema mate."

"Sikutema mate. Nilikuwa naonja. Kwa aliyejifunza kazi hii, ndivyo inavyofanyika."

"Kwa aliyejifunza! Na sisi tusiojifunza tunakunywa nini? Mkojo?"

"Baba, tafadhali," Rahel alisema, na haikujulikana anamwambia yupi.

Yusta alikuwa ameshachukua kikombe chake. Alikunywa kidogo, akanywa tena. "Mibuni ya baba yangu," alisema polepole. "Ikichanua baada ya mvua. Harufu ni hiyohiyo."

"Weka chini," Tadei alisema.

"Halafu utamu unarudi kooni ukishameza."

"Nimesema weka!"

Yusta alimaliza kikombe. Tadei alilipiga teke birika la maji ya moto, maji yakamwagika motoni, mvuke na majivu vikajaa jikoni.

"Chukua majani yako utoke," alimwambia Gervasi.

Gervasi alinyoosha mkono kuichukua pakiti. Yusta aliifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimepewa mimi," alisema.

Tadei alimtazama mkewe kama mtu asiyemfahamu. Akamsukuma Gervasi kwa bega mlangoni, akaelekea zizini.

Baba na binti waliteremka barabara ya vumbi kuelekea nyumba ya Rahel, karibu na zahanati. Walipofika kwenye kalvati, Rahel alisimama.

"Ungesema samahani tu, baba."

"Aniombe yeye kwanza. Hata salamu yangu hakuipokea."

"Najua. Nimeishi na hilo miaka miwili." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe Jumatatu unapanda basi. Mimi kila Jumapili narudi jiko lile kuwapikia, na kila nikiinua kikombe atakutaja. Mama mkwe naye atalipia kile alichokunywa."

Gervasi alitaka kumwambia kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuonja chai nzuri namna ile. Lakini alipouona uso wa mwanawe, alivaa tu kofia yake.

Rahel aliharakisha mbele, na hakumsubiri.