Roshani ya Baba Mkwe

Bisibisi ilizama kwenye mhimili wa roshani mpaka mpinini, kama kisu kwenye papai. Juu rangi inang'aa, ndani uji mtupu.

"Acha kuchokonoa," mume wangu alisema. "Utaubomoa."

"Umeshabomoka, Baba Watoto. Unangoja mtu tu."

Alijua mtu gani. Mama yake analala chumba cha juu chenye mlango wa kutokea roshani, na tangu afiwe na mumewe huziosha mbao zake kila asubuhi, ndoo nzima. Baba mkwe alikata miti mwenyewe, akaikausha kivulini, akaacha nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Ingepakwa mafuta tu na kuachwa ipumue, roshani ile ingedumu mpaka ituzike sote. Lakini mume wangu, ili kumfurahisha mama, kila mwaka aliipiga rangi nzito mpaka nafasi zikaziba. Maji yakiingia hayatoki.

"Mwambie," nilisema.

"Nimwambie ameozesha kazi ya baba? Mwambie wewe mwenye mdomo."

Haya. Nikapanda.

Mama alikuwa kitandani, akikamua tambara lake.

"Mama, usitoke tena huko nje. Mhimili umeoza kwa maji."

"Maji gani?"

"Ya ndoo yako. Na rangi ya mwanao."

Alinitazama. "Wewe mtoto huna breki."

"Sina. Ila miti ipo nyuma ya nyumba. Kila alipoangusha mmoja, baba alipanda miwili. Imekomaa. Tutapasua, tutakausha, tutajenga upya."

"Zitakauka lini hizo mbao?"

"Mwaka na zaidi."

Akacheka bila furaha. "Nitakuwa nimeshakauka mimi."

Jioni niliupigilia misumari mlango wa roshani. Mume wangu alinishikia taa.

Asubuhi, chai ikiwa jikoni, nilisikia maji yakidondoka uani. Nikapanda mbio. Misumari ilikuwa mahali pake. Mama alikuwa amepiga magoti ndani ya chumba, anausugua mlango kuanzia chini, na maji yanapita chini ya kizingiti kwenda kwenye mbao zilezile.

"Na huu aliutengeneza yeye," alisema bila kugeuka.

Nilimwacha amalize ndoo. Kisha nikashuka kumwambia mume wangu anoe msumeno: roshani inashuka leo, na pale mlangoni tunajenga ukuta, kabla mlango nao haujaoza.