Marehemu wa Kwenye Kochi

Mume wangu ni fundi wa nyaya za umeme. Kazini kwao wana zoezi la kumwokoa mtu aliyepigwa na umeme: mmoja ananing'inia kwenye nguzo akijifanya amekufa, wenzake wanamshusha, na marehemu haruhusiwi kusema neno mpaka zoezi liishe. Basi Jumamosi moja asubuhi akajinyoosha kwenye kochi, akafumba macho, akasema, "Mke wangu, leo mimi ni marehemu. Mtoto kabanwa kifua. Haya, utafanyaje?"

"Acha uchuro wako!" nikamfokea.

Kimya. Marehemu haongei.

Nilijua wazo hilo limetoka wapi. Mwenzake wa kazini alianguka kutoka juu ya nguzo, hakuamka tena. Mjane wake, mama wa nyumbani kama mimi, alipompeleka mtoto hospitali, kadi ya bima ikakataa. Bima ilikuwa ya mumewe, na mumewe alikwishazikwa. Tangu hapo wangu hakupata usingizi wa maana. Alikuwa akigaagaa kitandani mpaka kunakucha. Binti yetu ana pumu, na dawa yake ya kuvuta haipaswi kukosekana hata siku moja.

Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba kadi yangu ni yangu. Kwani si ina picha yangu? Nikapiga simu ofisi ya bima ili marehemu asikie mwenyewe kwamba anajisumbua bure.

"Mume wangu amekufa," nikasema.

"Pole sana, mama," akajibu dada wa bima. "Amefariki lini?"

"Leo asubuhi. Yuko hapa kwenye kochi, anajikuna."

Ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha mzaha. "Mama, picha ni yako, lakini mwanachama ni yeye. Akifa, kadi zenu zote zinafungwa mwisho wa mwezi. Ukija kujiunga mwenyewe, ugonjwa ambao mtoto tayari anao hatuugharamii mpaka mwaka upite."

Mwaka mzima! Nikajibwaga kwenye kochi, juu ya mkono wa marehemu. Hakutoa hata mguno. Kwa hilo nampa sifa yake.

"Na nikijiunga leo, yeye akiwa hai?"

"Hapo ndipo penye akili. Mwaka unaanza kuhesabiwa leo, na mtoto anaendelea kutibiwa kwa kadi ya baba yake. Una kikundi chochote? Kikundi kina nafuu."

Nilikuwa nacho: akina mama wa mtaani tunaopeana nguo za watoto zilizowabana. Nikampigia mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kuongea kwa sauti ya chini tangu azaliwe. "Kumbe sote tumekalia kuti kavu!" akapiga kelele. Kufika adhuhuri alikuwa ameshawazungukia wote, wamekubali, na jina la kwanza kuandikishwa bima kwa simu lilikuwa langu, na binti chini yangu.

Nikarudi kwenye kochi kifua mbele. "Haya, fufuka. Tumeandikishwa. Wewe umebakiwa na kazi moja tu: mwaka huu usife. Na mwakani pia usife, mimi nakupenda."

Kimya. Nikamtikisa bega. Kimya. Nikamwekea kiganja puani.

Alikuwa amelala. Amelala fofofo, mdomo wazi, usingizi ambao sikuuona kwake tangu msiba ule. Bila shaka alisikiliza simu zote mpaka mwisho, ndipo akajiachia.

Binti akachungulia mlangoni. "Mama, zoezi limeisha?"

"Limeisha. Usimwamshe baba."

Nikamfunika shuka, nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Akaanza kukoroma. Kwa kukoroma huko nimemgombeza tangu tuoane, hata kuhamia sebuleni nimewahi kuhama. Siku hiyo nilikaa pale mpaka jua likageuka, nikiomba kusikome.