Kwaya Iliyomjibu Asiyesikika

Nilipofungua studio yangu mtaa wa Milanzi, Sumbawanga, mwaka 2002, nilijiita Prodyuza kabla mtu yeyote hajaniita hivyo. Jina langu ni Wilibrodi, na mama yangu ananiita Wili hata mbele ya wateja. Nilikuwa nimekaa Mbeya muda mfupi, nikijifunza kompyuta kwa jamaa aliyerekodi nyimbo za injili, kisha nikarudi Sumbawanga na kompyuta ya mtumba iliyopitia Tunduma, pamoja na miwani ya jua niliyoivaa hata ndani ya nyumba. Kuta za chumba cha uani nilizibandika trei za mayai. Majirani wakadhani nimeanza kufuga kuku.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ililetwa na Mwalimu Alfonsi, kiongozi wa kwaya ya kanisa la Pito. Padre wao, Modesti, alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya upadre, na kwaya ilitaka kumpa zawadi ya kaseti yenye wimbo waliomtungia, na nakala nyingine zigawiwe waumini. Mwimbaji mmoja anauliza, kwaya inajibu. Nani alitufuata bondeni wakati wa mafuriko? Ni yeye, ni yeye huyu. Nani alitembea kwa miguu kwenda kuwazika wasio na ndugu? Ni yeye, ni yeye huyu.

Aliyeuliza ni Mama Avelina, mkulima wa ulezi, mtu mzima wa rika la mama yangu. Alisimama mbele ya maiki kama anayesimama mbele ya jiko lake, akaimba mpaka mwisho, akaniuliza, "Tumemaliza?"

Nilimwambia arudie. Hakuwa amekosea popote. Niliogopa tu kwamba kazi ikiisha upesi hivyo, wataona si kazi.

Walipoondoka nilikaa kuupanga wimbo. Sauti ya mama yule haikuhitaji kitu, na hilo likaniudhi, maana programu yangu ilikuwa na vitufe vingi ambavyo sikuwa nimevitumia. Nikajaribu kimoja baada ya kingine mpaka nikakutana na kile cha kutanua sauti. Nilipokibonyeza, Mama Avelina alitoka katikati ya spika zangu mbili akajaa chumba kizima, kama vile anaimba kutoka kwenye trei zote za mayai kwa mpigo. Nilivua miwani. Nilijiona nimekuwa mtaalamu wa kimataifa.

Waliporudi kusikiliza, Mwalimu Alfonsi alishika kofia yake mkononi mpaka wimbo ukaisha. Mama Avelina alisema tu, "Kumbe ndivyo nilivyo." Nikautoa wimbo kwenye programu, nikachoma CD, kutoka kwenye CD nikahamishia kwenye kaseti.

Siku ya sherehe, uwanja wa kanisa ulijaa. Upepo ulikuwa mkali kama kawaida ya huku, na wanawake walikuwa wanasonga ugali nyuma ya turubai, Mama Avelina akiwa mmoja wao. Muda wa zawadi ulipofika, kaseti ikawekwa kwenye mashine ya parokia, na wimbo ukatoka kwenye spika kubwa ya honi iliyofungwa juu ya mti.

Ngoma zikaanza vizuri. Kisha ikaja zamu ya Mama Avelina, na honi ikatoa ngoma tupu. Halafu kwaya nzima, kwa nguvu zote, "Ni yeye, ni yeye huyu."

Ngoma tupu tena. "Ni yeye, ni yeye huyu."

Mzee mmoja nyuma yangu alimuuliza jirani yake padre anatuhumiwa nini. Watu wakaanza kucheka chini chini. Padre Modesti alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekaa juu ya siafu. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kupita kati ya viti niondoke.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya turubai. Mama Avelina aliingia kwenye nafasi ileile iliyoachwa wazi, akauliza swali lake, na honi ikamjibu. Akatokea na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko, akaendelea kuuliza na kaseti ikaendelea kumjibu. Padre alisimama. Vigelegele vikafunika ngoma.

Wimbo ulipoisha, Mwalimu Alfonsi alinishika mkono kwa nguvu. "Prodyuza, hili hukuniambia."

"Nilitaka liwe la kushtukiza," nikasema.

Mama Avelina alikuwa nyuma yake, na yeye hakushtukizwa kwa furaha. "Wili, mwanangu, sauti yangu mmeipeleka wapi?" Kisha akamgeukia Alfonsi. "Mwalimu, kama ulitaka mkeo Bertilla ndiye aongoze, ungesema. Ningekaa nyuma nikaitikia." Hakungoja jibu. Alirudi kwenye ugali wake, na Jumapili iliyofuata hakwenda kwaya.

Nikaingia studio. Nikafungua wimbo kwenye programu: Mama Avelina yumo, tena amejaa chumba. Nikasema kosa liko kwenye kutoa, nikautoa upya. Yumo. CD, yumo. Kaseti, kwenye redio yangu kubwa, yumo na mbwembwe zake zote. Basi mbovu ni mashine ya parokia, nikaenda kumwambia Mwalimu Alfonsi hivyo kwa sauti ya kitaalamu. Yeye hakubishana. Aliweka kaseti nyingine kwenye mashine ileile, na kila neno la mwimbaji likasikika.

"Mbona huyu yupo?" akauliza.

"Ile ni kaseti ya nje," nikajibu. Hata mimi sikujua nina maana gani.

Nikaanza kuzunguka na kaseti yangu. Dukani, kwenye redio ya spika mbili, yumo. Nyumbani, kwenye redio ndogo ya mama yenye spika moja, hayumo. Nikarudi dukani, yumo. Nikarudi kwa mama, hayumo, na mama akaniuliza kama nimekosa kazi. Nilikuwa nimekaa naitazama ile spika moja ndipo akili ikanijia.

Kile kitufe changu cha kimataifa kilikuwa kimeiweka sauti ileile pande zote mbili, ila upande mmoja kiliigeuza. Kushoto ikisukuma, kulia inavuta. Zikikaa mbali, kwenye spika mbili, zinasikika pana na tamu. Zikikutana kwenye spika moja, zinafutana, habaki mtu. Honi ya kanisa ilikuwa moja. Na redio za Ufipa nzima, ambako kaseti ile ilikuwa inakwenda, karibu zote zilikuwa za spika moja. Nilikuwa nimetengeneza wimbo wa kunifaa mimi na mwenye duka.

Nikakizima kitufe, nikatoa wimbo upya, nikabeba redio ya mama kwenye baiskeli hadi Pito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa anapeta ulezi na hakuacha.

Nilimweleza yote, la kusukuma na la kuvuta, kisha nikampigia kaseti. Sauti yake ikatoka kwenye ile spika moja, ndogo, kavu kidogo, kila neno mahali pake. Ungo ukatulia mapajani.

"Hakuna aliyekutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kukupamba."

"Na Bertilla?"

"Hajawahi hata kukanyaga studio."

Aliweka ungo chini. "Nimekuwa nampita njiani bila salamu," akasema. Akasimama, akakung'uta kanga, akakata njia kuelekea kwa Mwalimu Alfonsi, akaniacha na redio inaimba na kuku wananyemelea ulezi. Nikabaki nafukuza kuku. Ndiyo kazi ambayo majirani zangu walinidhania tangu mwanzo, na niliifanya vizuri.

Kaseti mpya tukazigawa, lakini waliokuwa kwenye sherehe hawakuridhika. Walitaka ile ya kwanza, isiyo na mtu, ili kwenye harusi zao wapate kuuliza maswali yao wenyewe. Nikairekodi upande wa pili. Siku moja mwalimu wa kwaya ya Ilemba alinifuata baada ya misa kuniuliza nilivyoweza kuiondoa sauti ya mwimbaji kwa usafi namna ile.

"Ni utaalamu," nikamwambia.

Mama Avelina na Bertilla walikuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo. Bertilla ndiye aliyeanza kucheka.