Maharagwe ya Maofisa

Kamisi alichuchumaa katikati ya maharagwe nyuma ya nyumba yake, akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha akachuma ganda la kwanza haraka haraka kama mwizi. Shamba lilikuwa la mke wake. Norah alilipanda kabla malaria haijamwangusha, na hapa Koboko kila mtu anajua kwamba maharagwe huachwa yakauke ndipo yachumwe. Kuyachuma machanga, ukala na maganda yake, watu watakuuliza kama una akili timamu. Lakini Norah mwenyewe ndiye aliyeyaomba.

Aliyaomba alfajiri, na Kamisi nusura alie kwa furaha. Tangu watoke hospitali Arua, siku tisa sasa, mwanamke yule hakutia kitu mdomoni ila chai. Uji aliukataa. Samaki alimgeuzia uso. Jirani yao, Stella Kiden, alileta ugali na bamia kila jioni, na kila asubuhi akaichukua sahani yake ilivyo. Jana nesi aliyekuja kumpima damu alimwita Kamisi nje, wakasimama karibu na kamba ya nguo.

"Mzee, huyu mama asipokula leo na kesho, inabidi arudi Arua awekewe maji," alisema. "Na mimi sitaki asafiri. Damu yake iko kidogo sana. Mpe kitu chochote anataka. Chochote!"

Kamisi hakulala. Alikaa kwenye mkeka akimsikiliza mke wake akipumua, hadi kulipopambazuka na Norah akafumbua macho.

"Baba Swadiki," alisema polepole, "ile maragwe ya maofisa. Mimi nataka ile."

Sasa, Kamisi alikuwa mpishi wa jeshi miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili ya mwisho alipika katika bwalo la maofisa. Kila aliporudi nyumbani likizo alimsimulia Norah habari za maharagwe hayo: machanga, kijani kibichi, yanang'aa kwa siagi na kitunguu saumu. Norah alimsikiliza huku akisonga ugali, akicheka kwamba watu wakubwa wanakula majani kama mbuzi. Lakini kuonja, hakuonja hata siku moja. Kambini kupika ni kazi, na kazi haina aibu. Nyumbani jiko ni la mke, na mwanamume akionekana amefunua sufuria ya mke wake, habari zitafika Oraba kule mpakani kabla ya chakula kuiva. Kamisi aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili, na tuseme ukweli, ilimfaa sana.

Alibeba maharagwe ndani ya shati, akaingia jikoni kwa Norah na kurudishia mlango. Lo! Miaka yote hiyo ya upishi, na hakujua hata chumvi inakaa wapi. Alifunua mikebe kama mgeni. Alikuta majani ya chai, akakuta pilipili, akakuta sabuni, mwishowe chumvi ikaonekana ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akawasha sigiri, akateleka maji. Yalipochemka, mkono wake haukumngoja. Uliingia kwenye kopo, ukatoka na konzi nzima ya chumvi, ukaimwaga, ukarudi ukachota nyingine. Akatumbukiza maharagwe, akangoja, akaonja moja.

"Lahaula!" alisema peke yake.

Mkono ulikuwa umetia chumvi ya watu sitini.

"Hodi! Mama Swadiki ameamka namna gani?" Mlango ulisukumwa, na Stella Kiden akasimama pale na sahani yake ya jana, aliyoikuta barazani ilivyo. Akamtazama Kamisi, akaitazama sigiri, akajiziba mdomo. "Weee! Mzee Kamisi!"

"Napika," Kamisi alisema. Angesema nini kingine?

"Kumbe wewe najua kupika ya nyumbani!" Stella aliingia, akaokota ganda moja kwa kijiko, akalitia mdomoni, akakimbia kulitema nje. Alirudi akifuta machozi ya kicheko. "Mzee, hii si maragwe iko na chumvi. Hii ni chumvi iko na maragwe kidogo. Toka, mimi nitapika."

"Wewe najua maragwe ya maofisa?"

"Maofisa gani tena?"

"Basi wacha. Norah anataka hiyo. Ameomba yeye mwenyewe."

Kicheko kilikatika. "Ameomba kula?"

"Ameomba."

"Mungu wangu," Stella alisema. Aliweka sahani chini, akatoka, akaenda shambani. Alirudi na maharagwe kwenye pindo la leso yake, akakaa juu ya kigoda na kuanza kuyaandaa. Alivunja ncha ya ganda, akavuta uzi mrefu uliokaa pembeni, akautupa.

"Jeshi hawatoi nyuzi?" aliuliza.

"Yetu ilikuja tayari ndani ya mifuko, kutoka Kampala."

"Hii ya kwetu iko na nyuzi. Unataka kumkaba mgonjwa?"

Walivuta nyuzi pamoja. Yalipokwisha, Stella alisimama, akachukua sahani yake. "Mimi sijaona kitu," alisema mlangoni, na Kamisi akamsikia akicheka hadi kwake.

Mara hii, kwenye maji mapya, Kamisi alitia chumvi kwa ncha za vidole vitatu, mkono wa pili ukiushika wa kwanza. Hakufunika sufuria, kwa sababu maharagwe ya kijani ukiyafunika yanafifia. Kule bwaloni aliyatoa mapema, yakiwa bado yanalia chini ya meno, na ofisa angeirudisha sahani kama yamelegea. Lakini fizi za Norah zilikuwa zinauma. Akayaacha yaive zaidi. Rangi ilianza kupotea, na moyo wa mpishi ukamuuma, akaukemea. Kisha akakaanga kitunguu, akatia kitunguu saumu, akatafuta siagi. Siagi ingetoka wapi? Chini ya kawa alikuta chungu kidogo cha simsim, ufuta aliousaga Norah mwenyewe kabla ya homa. Aliilegeza kwa maji ya moto, akaimimina, akachanganya na maharagwe, akakamua limau juu. Harufu ilipanda. Kamisi akaomba Mungu, si kwa maneno mengi.

Norah aliegemea mto. Kamisi alimwekea sahani mapajani, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama wima karibu na mlango, mikono nyuma, kama alivyozoea kule bwaloni. Norah alichukua ganda moja kwa vidole, akalitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Kamisi alilitazama koo la mke wake. Norah akameza.

"Umetia simsim yangu," Norah alisema.

"Siagi hakuna."

"Iko tamu." Alichukua lingine, likaenda, na la tatu likalifuata. "Kaa chini, Baba Swadiki. Mimi si ofisa."

Kamisi alikaa ukingoni mwa mkeka.

"Hao maofisa," Norah aliuliza, "walikuwa nasema asante?"

Kamisi alifikiri. Aliwaona wakila, wakisukuma sahani pembeni, wakiendelea na mazungumzo yao. "Hapana," alisema. "Hata siku moja."

"Basi mimi nasema. Asante."

Kamisi aliinamisha kichwa. Likizo zote zile alikuja, akanawa mikono, akala alichotengewa, akasukuma sahani, akatoka kukaa na wanaume wenzake. Miaka yote hiyo nyumba hii nayo ilikuwa na ofisa wake, na ofisa huyo ni yeye. Alimshukuru Mungu kwamba mwanamke huyu yuko hai asikie.

"Norah," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu Swadiki azaliwe. "Mimi pia sikusema."

"Kusema nini?"

"Asante."

Norah alikuwa ameshika ganda jingine. Hakulila. Alilishika hewani akimtazama. "Haya, sema. Ya nini?"

"Ile ugali ya wiki ya kwanza ya ndoa, umetoka kwenu Pajulu tu. Ile iliungua."

"Haikuungua!"

"Iliungua, na nilikula yote. Asante."

Norah alicheka, kicheko kikavu cha mgonjwa, akala lile ganda. Akachukua lingine, akalishika vilevile, akangoja.

"Ile bamia na samaki uliniletea kambini, umetembea na mvua. Asante."

Likaliwa. Lingine likashikwa.

"Ile uji ya karanga, wakati nilikuwa na homa na wewe una mimba. Wewe hukunywa. Asante."

Norah alitafuna polepole, macho kwake, na mkono ukarudi kwenye sahani. Sahani ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu, na asante za Kamisi zilikuwa hazijatoka mwaka wa pili wa ndoa.