Sala Ndefu ya Melania

...na bado hajamaliza, ndiyo kwanza yuko kwa wagonjwa, akitoka kwa wagonjwa ataenda kwa wajane, akitoka kwa wajane ni wachimbaji walioko mashimoni, Mageni anaijua njia yote hiyo, maana si njia ya Melania hata kidogo, ni ya marehemu Mwigulu, mume wake Mageni, mwinjilisti wa usharika huu mpaka alipozikwa, hata kale kakikohozi kabla ya kusema Ee Baba wa rehema ni ka Mwigulu, mwanamke mzima anakohoa kikohozi cha mume wa mtu na jumuiya nzima imeinamisha vichwa hapa sebuleni kwa Sesilia inaitikia ndiyo Bwana, ndiyo Bwana... "uwakumbuke walioko chini ya ardhi, Bwana, kamba zao zisikatike"... haya, si Mageni alisema, hao hapo wachimbaji, na nje karasha la jirani linasaga mawe ya dhahabu kana kwamba Kharumwa haijawahi kuona Jumamosi ya maombi, lakini sauti ya Melania imepanda juu yake, Mwigulu naye alikuwa hivyohivyo, karasha ni kitu gani kwake... "Mama Magesa, fumba macho," Sesilia anamnong'oneza Mageni pembeni, na wewe umeyaonaje kama yako yamefumba, kasali huko... sala ikiisha Mzee Mihayo atasimama, atavuta suruali yake juu kama kawaida, atauliza nani ana neno juu ya Melania kuwa kiongozi wa jumuiya, na Mageni neno analo, amelimung'unya tangu asubuhi kama pipi, huyu mimi nilimpokea ametoka Nkome ananuka dagaa mpaka kwenye nywele, yatima hajui hata Baba Yetu, leo ndiye aniongoze mimi? atalisema hivyohivyo, tuone atakohoa kikohozi cha nani... na si kwamba aliwahi kuwadhania ubaya Mwigulu na huyu binti, hapana, ubaya angejua namna ya kuupiga, angeshika mwiko wakaelewana, hili ndilo halipigiki, mtu anakaa jioni mkekani na watoto, anasoma neno, wanaimba, halafu anasali, na mkekani yupo mwanawe Magesa na wadogo zake na huyu wa Nkome anasikiliza mdomo wazi, na mke mwenyewe yuko jikoni nyuma ya nyumba, ugali wa udaga wa muhogo hauachwi motoni eti mtu akasali, anasikia mvumo tu, mmm mmm mmm, akiingia na sahani wanasema amina, miaka yote hiyo amina tu ndiyo fungu lake... akamwachia nyumba na ng'ombe, sala akamwachia mwingine, na siku walipotoka makaburini wajukuu wakasema bibi tuombee chakula, akawaambia kuleni, Mungu ameshaona, wakala wanatazamana... "na yule aliye jikoni, Bwana, ambaye moshi unamwingia machoni kwa ajili yetu, na sisi hatumngoji"... jikoni tena, anamwombea nani, Loveness wa Sesilia huyo, anachemsha chai, haya mwombee, mtoto mpole, akikuamkia shikamoo huisikii... "umketishe yeye kwanza katika ufalme wako, maana hapa anakula wa mwisho, na ulimi wake, Bwana, uuvumilie kama mimi ninavyouvumilia, maana bila ulimi huo nyumba hii ingekuwa..." na Melania amekwama. Karasha peke yake. Mzee Mihayo anasema ndiyo Bwana na sauti inamkatikia katikati, yule mzee anacheka, anacheka kwenye maombi, na mabega ya Sesilia yanatikisika, Loveness ana ulimi gani wa kuvumiliwa, Mungu wangu, "nisamehe mayu," Melania anasema taratibu, hasemi mama gani, anakohoa, anarukia kwa wasafiri... kumbe. Kumbe mvumo ule ulikuwa na maneno. Kila jioni? Au siku moja moja akikumbuka? Mpumbavu yule mwanaume, si angepaza sauti, mtu anayeshinda karasha anashindwa na ukuta wa jikoni, kuvumilia, eti, nani alimvumilia nani, na ingekuwa nini hiyo nyumba, amekwamia hapo hapo huyu binti, ingekuwa nini bila ulimi huo... na hii tena inauma kuliko ile ya asubuhi, maana asubuhi alidhani wamemnyima cha Mwigulu, kumbe ni chake mwenyewe, kimekaa masikioni mwa mtu wa Nkome kama mzigo ulioshushwa nyumba siyo, na lile neno la kumjibu Mzee Mihayo analitafuta mdomoni halimo, dagaa wamekwenda wapi, basi awe kiongozi, awe hata askofu, ila leo halali kabla hajapita jikoni kwa Mageni akakaa kigodani akamwambia lote, neno kwa neno... "na walio safarini, Bwana, uwe dereva wao"... pole pole wewe, unakimbilia wapi, Mwigulu hakuwa na haraka hivyo kwenye sala, alikuwa na mtindo wa kurudia jambo, akishafika mbali anakumbuka alichosahau anageuka, huenda akapita tena jikoni...