Probox ya Mzee Gabriel

Anayesema kazi ya gari ni kulinunua, huyo hajanunua gari. Kununua ni siku moja tu: unatoa pesa, unapewa ufunguo, mnapiga picha mkicheka. Kazi huanza ukitaka gari hilo liitwe lako. Kuna ada ya kuhamisha umiliki, nayo hupanda kulingana na ukubwa wa injini, kana kwamba injini kubwa huandikwa kwa wino mwingi. Kuna namba mpya za gari, maana zile za zamani, ambazo hazijamkosea mtu, hazitakiwi tena. Kuna bima. Kuna kijana wa saiba, lile duka la intaneti, anayelipwa kwa kubonyeza vitufe. Na kuna ada ndogo ya kuchungulia rekodi za serikali ili ujue kama anayekuuzia ndiye mwenye gari. Hiyo ndogo ndiyo tuliyokataa kulipa.

Tuliikataa kwa sababu ya heshima. Mume wangu Hudson ni mtu wa Mwanda, na Mzee Gabriel ndiye aliyekuwa msemaji wao siku walipokuja kwetu kuleta mahari.

"Huyo mzee alisimama mbele ya baba yako akasema sisi ni watu wa kuaminika," Hudson aliniambia. "Leo nimchunguze kwa mtandao kama mwizi wa kuku? Akisikia nitamwangalia na uso gani kanisani?"

Nikanyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, na kila mara ninyamazapo hujuta. Mzee alisema gari ni lake, siku hizi log book, kile kitabu cha gari, hakipo, kila kitu kiko kwa mtandao, basi siku ya kuhamisha jina tutakutana Voi tumalize. Tukalipa pesa yote, tukapewa ufunguo. Mkopo wa sako, kile chama cha akiba na mikopo, ng'ombe wa Hudson, na zamu yangu ya chama niliyoibembeleza kwa kina mama hadi wakanichoka.

Nilihitaji gari hilo, Probox ya kubebea mizigo, na nililihitaji kwa jina langu. Nanunua kabeji, karoti na viazi kwa wakulima wa Mwanda na kuviteremsha Voi, na kwa miaka yote nimekuwa nikikodi pikapu ya mtu, faida yote inaishia kwake mimi nabaki na mgongo unaouma. Sasa loji moja upande wa Tsavo ilikuwa imenipa kazi ya kuwaletea mboga mwaka mzima. Meneja wake, Josephat, alikuwa na sharti moja: gari liwe limeandikishwa kwa jina langu. Muuzaji aliyenitangulia alikuwa akitumia gari la kuazima, na siku moja mwenye gari alilifuata hadi langoni akaondoka nalo, nyanya zikiwa ndani.

"Jumatatu uanze, Eddah," Josephat aliniambia. "Lakini Ijumaa nione jina lako."

Ijumaa hiyo Mzee Gabriel aliteremka kutoka Mwanda na matatu ya kwanza, amevaa koti lake la Jumapili. Tulikutana kwa saiba ya Derrick, pale karibu na stendi ya Voi. Nilikuwa nimejiandaa kulipa. Sikuwa nimejiandaa kwa maneno ya mzee.

"Mimi nimeuza mbuzi tangu nikiwa kijana," alisema, akikaa. "Sijawahi kuulizwa na serikali."

"Mbuzi hana namba, Mzee," Derrick akamjibu bila kutoa macho kwenye kompyuta. "Nipe nywila yako ya eCitizen, ile akaunti ya serikali."

"Hiyo iko na Sylus."

Nikauliza Sylus ni nani. Sylus alikuwa na saiba Wundanyi, na ndiye aliyewafungulia akaunti wazee wa nusu ya Mwanda, zote kwa namba yake ya simu na barua pepe yake, kwa kuwa wazee walisema hawataki kusumbuliwa na meseji. Kisha akafunga duka. Tulimpata kwa simu akiwa Taveta, ameacha kompyuta anauza ndizi kwa jumla, lakini siri za wazee wa watu bado anatembea nazo mfukoni.

Alishika simu mara ya nne. Nilimsikia akipatana bei na mtu wa Holili, ng'ambo ya mpaka, huku akiniambia nisubiri. Akatuma namba ya siri ya kuingilia, iliyokuja kwa simu yake. Derrick alipoiingiza, ilikuwa imeshapitwa na wakati. Akatuma nyingine, akaikosea tarakimu. Ya tatu alidai kwanza nimwekee kredo ya simu, maana hiyo nayo ni kazi. Nilimwekea. Kama angekuwa karibu ningemwekea kofi.

Akaunti ikafunguka. Derrick akashuka na ukurasa, akapanda, akashuka tena.

"Mzee, hapa hakuna gari."

"Liko nje, kijana. Si hilo jeupe?"

"Nje liko. Hapa haliko."

Ndipo nilipolipa ile ada ndogo. Shilingi mia tano na kitu, tuliyoona ni matusi kuilipa, nikailipa pesa zangu zingine zote zikiwa zimekwenda. Derrick akaandika namba ya gari. Jina likatokea, nikalisoma mara mbili: Jacinta Mghoi.

Jacinta ni binti wa Mzee Gabriel. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na Mwanda nzima iliona alivyojenga jiko la mama yake kwa mabati mapya. Ukimuuliza mzee kanisani, hujibu, "Hajambo, kazi ni nyingi." Basi.

Nilipandwa na hasira, na sitajificha nyuma ya adabu: nilipaza sauti mpaka wateja wawili wakaacha kupiga kopi wakageuka. "Mzee, umeniuzia gari la mtu!"

"La mtu gani?" Yeye pia alikuwa amekasirika. "Jacinta ni wangu. Alininunulia mimi, akasema baba usipande tena bodaboda na huo mguu. Ya Jacinta ni yangu. Wewe mwanao Austin, sahani yake ni ya nani?"

"Sahani haina log book!"

"Mama Austin, tulia," Derrick alisema. "Hii si ngumu. Huyo binti aingie kwa simu yake huko aliko, akubali kuuza, dakika tano tumemaliza."

Dakika tano! Nikamgeukia mzee. "Basi mpigie."

Hakubisha. Alitoa simu yake ndogo, akabonyeza polepole, akaiweka sikioni. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia ile sauti ya mwanamke inayosema namba hiyo haipatikani. Watu wote hukata hapo. Yeye hakukata. Aliisikiliza hadi mwisho kwa Kiswahili, akaisikiliza tena kwa Kiingereza, ndipo akairudisha simu mfukoni.

"Haishiki," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mwezi wa nane."

Hasira yangu haikuondoka. Napenda kusema iliondoka, lakini deni la sako halijui uchungu wa mtu. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba basi anirudishie pesa, achukue gari lake, nami nikamwangukie Josephat.

"Pesa nilishatoa," mzee akasema. "Kuna bwana mmoja Nairobi, ana watu wake kule Uarabuni. Anamtafuta Jacinta."

"Amempata?"

"Amesema imebaki kidogo tu."

Nilimwelewa vizuri sana yule bwana wa Nairobi. Mzee aliuza gari la binti yake ili amtafute binti yake, na pesa zangu, na ng'ombe wa Hudson, na zamu ya kina mama wa chama, vyote vilikuwa vimeliwa na mtu ambaye kila akipigiwa husema imebaki kidogo. Sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia Hudson na heshima zake, nikamkasirikia Sylus na ndizi zake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kunyamaza.

Derrick alikohoa. Ni kijana mwepesi wa kutafuta njia, na hakuwa na nia mbaya.

"Iko njia. Mtu akifariki, gari linaenda kwa mrithi. Mzee anaandika tamko kwamba binti alifariki huko nje, anapeleka kwa chifu, chifu anampa barua. Cheti cha kifo na korti vitafuata baadaye, ni gharama lakini vinafuata. Kwa sasa barua inaonyesha gari liko njiani kuja kwako."

Nilitoka nje nikampigia Josephat. Nilimweleza kwamba mwenye gari huenda ni marehemu, kwamba jina litachukua muda. Akafikiri. Akasema barua ya chifu ataikubali, ila bila barua, Jumatatu atamwita mtu mwingine, asije akaonekana anapendelea. Akasema atanipigia baadaye kidogo ajue nimefikia wapi.

Niliporudi ndani Derrick alikuwa ameshachapa na kutoa karatasi. Mzee alikuwa amevaa miwani yake, anaisoma huku midomo ikicheza. Ilisema: Mimi, Gabriel fulani, mkazi wa Mwanda, natamka kwamba binti yangu Jacinta Mghoi alifariki dunia akiwa nchi za nje mnamo tarehe, halafu nukta nukta. Derrick alimpa kalamu.

"Mzee, si lazima," nilisema. Nilisema kwa sauti ndogo sana. Nusu yangu ilitaka asisikie.

"Nimekula pesa yako," akanijibu. "Mtu akila pesa ya mtu, anafanya inavyotakiwa." Aliweka kidole kwenye zile nukta. "Kijana, hapa hujaandika. Alifariki lini?"

"Weka tarehe yoyote, mzee. Chifu haangalii sana hapo."

Mzee Gabriel aliitazama ile nafasi. Akafikiria kweli, kama mtu anayepanga siku ya harusi, nikaona anahesabu miezi kwa kidole gumba. Kisha akanigeukia mimi, mteja wake, niliyemlipa pesa yote bila kupunguza hata mia.

"Mama Austin, wewe ungependa tarehe gani?"

Hakukuwa na kejeli hata chembe. Aliniuliza kwa unyenyekevu, kwa sababu alikuwa na deni langu.

Wakati huohuo simu yangu ikalia. Josephat. Niliipokea palepale, mzee akinitazama na kalamu ikiwa bado mkononi mwake.

"Eddah, vipi? Chifu amewapa barua?"

Nikamwambia hakuna barua. Nikanyoosha mkono nikaichukua ile karatasi mbele ya mzee, nikaikunja mara moja, nikaikunja tena. Derrick akafungua mdomo kunikumbusha kwamba kopi inalipiwa, akaufunga.

"Sasa sikuelewi," Josephat alisema. "Hilo gari ni lako ama si lako?"

"Si langu. Ni la Jacinta, binti wa Mzee Gabriel wa Mwanda."

"Lakini si umeniambia sasa hivi huyo mwenye gari ni marehemu? Ako wapi?"

Mzee alikuwa amevua miwani. Nilijua Jumatatu kuna mtu mwingine atakayeingia kwenye lango la ile loji na kabeji zake, na nilijua mkopo wa sako utakatwa mwisho wa mwezi kama kawaida.

"Hajarudi bado," nikasema.